Jua Kama Dawa ya Maji: Vichocheo vya Mwanga na Njia ya Chupa

Bwana afya akipita nyumba kwa nyumba, akishamaliza kuangalia choo huulizia kichanja cha vyombo. Anataka kuona sufuria na sahani zimeanikwa juani, zisirundikwe kwenye beseni lenye majimaji. Sababu tunaijua tangu utotoni: jua hukausha, na jua huua vijidudu. Ndiyo maana tunaanika magodoro ya watoto, mito na nepi. Makala hii inakuomba uisogeze elimu hiyo hatua moja, kutoka kwenye vyombo hadi kwenye maji ya kunywa.

Huenda pia umesikia habari za vichocheo vya mwanga, yaani vitu ambavyo vikipigwa na jua huua vijidudu majini. Habari hizo ni za kweli, lakini zinahitaji kuelezwa vizuri, kwa sababu mtu akizisikia nusu anaweza kujidhuru. Tutaanza na jinsi mwanga unavyofanya kazi, kisha tuone kichocheo kinaongeza nini, halafu tuje kwenye lile unaloweza kulifanya kesho asubuhi nyumbani kwako kwa chupa tupu na kipande cha bati.

Maji yangu ni meupe. Kwa nini niyatibu?

Kwa sababu vijidudu havionekani kwa macho. Maji ya kisima yanaweza kung'aa kama kioo na bado yakabeba vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo au kuhara damu. Vinaingia kupitia choo kilicho karibu na kisima, mabomba yaliyopasuka, ndoo chafu, au kata inayotumbukizwa na kila mkono. Hata maji ya bomba yaliyotoka salama mtamboni yanaweza kuchafuka njiani, hasa pale yanapokatika na kurudi. Bomba likiwa tupu halina msukumo, na maji machafu ya ardhini huweza kupenya kwenye nyufa zake. Kwa hiyo weupe wa maji usikutulize moyo. Kinachotuliza moyo ni kuyatibu.

Mwanga unauaje kijidudu?

Mwanga wa jua una sehemu ambayo macho yetu hayaioni. Kitaalamu huitwa miale ya urujuanimno. Ndiyo inayopausha khanga iliyosahauliwa kwenye kamba kwa wiki nzima. Miale hiyo ikipenya kwenye maji maangavu huharibu mbegu za urithi za kijidudu, yaani maelekezo yaliyomo ndani yake yanayokiwezesha kuishi na kuzaana. Zaidi ya hapo, ikishirikiana na oksijeni iliyoyeyuka majini, huzalisha chembe kali zinazotoboa ngozi ya kijidudu. Joto la jua nalo huongeza kasi. Kijidudu kisichoweza kuzaana hakiwezi kukuuguza.

Mtu aliyelifanyia jambo hili uchunguzi wa mwanzo ni Profesa Aftim Acra wa Chuo Kikuu cha Marekani mjini Beirut, Lebanoni. Yeye na wenzake walikuwa wanatafuta njia rahisi ya kupata maji salama ya kuchanganyia dawa ya chumvichumvi kwa watoto wanaoharisha. Mwaka 1980 walitangaza kwamba vijidudu vilivyowekwa juani ndani ya vyombo vinavyopitisha mwanga vilikufa. Kuanzia mwaka 1991 taasisi ya utafiti wa maji ya Uswisi, Eawag, iliichukua kazi hiyo na kuipangia taratibu zinazofuatwa hadi leo katika nchi nyingi. Taratibu hizo ndizo utakazozikuta hapa chini.

Kichocheo cha mwanga ni nini hasa?

Mfikirie mshenga. Anaunganisha nyumba mbili, mambo yanakwenda haraka, harusi inafungwa, naye anarudi kwake kama alivyokuja, tayari kwa shughuli nyingine. Yeye haolewi wala haoi. Kichocheo ni mshenga wa kikemia: kinaharakisha jambo litokee kati ya vitu vingine, chenyewe kikabaki vilevile. Kichocheo cha mwanga ni kile ambacho hakianzi kazi mpaka kipigwe na mwanga.

Kinachojulikana zaidi ni titani dioksidi, unga mweupe pepepe. Usishangae nikikwambia umekwisha kuugusa: ndio unaoipa rangi nyeupe ya ukutani weupe wake, na umo katika baadhi ya dawa za meno na mafuta ya kujikinga na jua. Asili yake ni madini ya mchangani. Kwale, pwani ya Kenya, mchanga wenye madini ya titani ulichimbwa kwa takriban muongo mmoja hadi mwishoni mwa 2024, na moja ya madini yaliyosafirishwa kutoka huko, rutaili, ni titani dioksidi ya asili.

Uwezo wake wa kuamshwa na mwanga uligunduliwa Japani. Mwaka 1972 Akira Fujishima na mwalimu wake Kenichi Honda walieleza katika jarida la Nature kwamba titani dioksidi ikimulikwa ndani ya maji huyapasua maji yenyewe kuwa oksijeni na haidrojeni. Mwaka 1985 watafiti wengine wa Japani, wakiongozwa na Tadashi Matsunaga, wakaonyesha kwamba unga wa aina hiyo ukimulikwa huua bakteria walio majini.

Kazi yenyewe huenda hivi. Miale ya urujuanimno ikigonga unga, hurusha chembe ndogo za umeme kutoka mahali pake. Msukosuko huo ukikutana na maji na oksijeni huzaa chembe kali mno, ambazo uhai wake ni mfupi kuliko kufumba na kufumbua jicho. Kijidudu kilicho karibu huchanwa ngozi yake, na baadhi ya kemikali chafu zilizomo majini huvunjwavunjwa pia. Hiyo sifa ya pili, ya kuvunja kemikali, ndiyo inayowavutia sana wataalamu, kwa kuwa kuchemsha maji hakuwezi kufanya hivyo. Huko Almería, kusini mwa Hispania, kuna kituo kikubwa cha utafiti wa nishati ya jua ambako kazi hii imefanywa kwa miaka mingi, kwa vioo vilivyopinda vinavyokusanya mwanga kwenye mabomba ya kioo yenye maji.

Basi ninunue unga huo niutie kwenye ndoo?

Hapana. Tafadhali usifanye hivyo, na umwambie jirani yako asifanye hivyo.

Sababu ya kwanza, unga ukishatiwa majini hubaki umeelea. Chembe zake ni ndogo sana, kitambaa hakizikamati, na utazinywa. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya uliondoa titani dioksidi kwenye orodha ya viungo vinavyoruhusiwa katika vyakula, baada ya wataalamu wake kusema hawawezi tena kuthibitisha kuwa ni salama kuliwa. Vumbi lake nalo si la kuvutwa puani. Sababu ya pili, maji yakigeuka meupe kama tui, mwanga hauwezi kupenya, na vijidudu vya chini vinabaki kivulini. Sababu ya tatu, unga wa rangi ya ukutani umetengenezwa usishambulie kitu ukipigwa na jua, la sivyo ungeila rangi yenyewe. Kwa hiyo hautakusaidia kitu. Na mchanga wa madini, uwe wa Kwale au kwingineko, si dawa ya maji.

Vifaa sahihi vya aina hii huwa na kichocheo kilichogandishwa kwenye kioo, bomba au karatasi ya plastiki, maji yakapita juu yake bila kuondoka nacho. Watafiti wa Ireland waliwahi kuweka karatasi ya plastiki iliyopakwa titani dioksidi ndani ya chupa za kawaida na kuzilinganisha na chupa zisizo na kitu. Zilizopakwa zilifanya kazi vizuri zaidi kwa takriban asilimia 20 hadi 25.

Hebu itafakari hesabu hiyo. Kichocheo kiliongeza takriban robo. Sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na jua na chupa tupu. Kwa anayeishi Ulaya, ambako jua ni haba kwa nusu ya mwaka, robo hiyo ni ya thamani sana. Kwetu sisi tunaoishi kwenye mstari wa Ikweta na jirani yake, jua lenyewe linatosha tukilitumia kwa utaratibu. Wakati wataalamu wakiendelea kuboresha vichocheo, wewe unaweza kuanza sasa hivi.

Ninahitaji nini?

Chupa za plastiki zisizo na rangi, kama zile za maji ya dukani za lita moja, moja na nusu au mbili. Igeuze chupa uangalie kitako chake. Ukiona namba 1 ndani ya pembetatu ya mishale, hiyo inafaa. Chupa za kijani, za kahawia au za buluu iliyokolea huzuia miale, hivyo ziache. Acha pia chupa iliyowahi kuwekwa mafuta ya taa, dawa ya wadudu au kemikali yoyote, hata kama imeoshwa mara kumi. Dumu la njano la lita 20 halifai, wala chupa nene za maji za lita 6 na kuendelea, kwa sababu mwanga hudhoofika kadiri unavyozama. Unene wa chupa usizidi sentimita 10, yaani karibu upana wa kiganja cha mtu mzima.

Utahitaji pia sabuni, na mahali pa kulaza chupa. Paa la bati ni bora kuliko yote, maana bati huakisi mwanga na kuongeza joto. Kipande cha bati juu ya kichanja kinatosha.

Nifanye nini, hatua kwa hatua?

Hatua ya kwanza, osha mikono, kisha osha chupa na kifuniko chake kwa sabuni. Toa karatasi ya nembo yote, maana inatia kivuli. Usisugue kwa mchanga wala steel wool, kwa sababu mikwaruzo huzuia mwanga.

Hatua ya pili, pima uangavu wa maji. Jaza chupa, isimamishe juu ya gazeti kwenye kichwa kikubwa cha habari, kisha chungulia kutoka juu mdomoni hadi kitakoni. Ukiweza kuzisoma herufi kubwa, maji yanafaa. Usipoweza, maji hayo yana tope mno. Usiyaweke juani kwanza; namna ya kuyasafisha inafuata hapa chini.

Hatua ya tatu, tia maji robo tatu ya chupa, funga, tikisa kwa nguvu kwa sekunde 20. Kutikisa huingiza hewa, na tumekwisha kuona kwamba oksijeni ni mshirika wa mwanga. Kisha jaza hadi juu na ufunge vizuri.

Hatua ya nne, laza chupa juani. Nasema laza, usisimamishe, ili mwanga upite njia fupi. Chagua mahali ambapo kivuli cha mwembe au cha nyumba hakitafika mchana kutwa.

Hatua ya tano, ziache kwa muda wa saa sita kamili. Ukiziweka saa tatu asubuhi, zitoe saa tisa alasiri. Saa hizo ndizo jua linapokuwa kali zaidi. Ukiziweka mapema zaidi, haidhuru.

Hatua ya sita, ziingize ndani, ziache zipoe usiku kucha, na asubuhi maji yatakuwa tayari kunywewa.

Kukiwa na mawingu je?

Anga likifunikwa na mawingu zaidi ya nusu, ziache chupa nje siku mbili mfululizo. Miale hupita mawinguni, ila kwa udhaifu. Ikiwa mvua inanyesha kutwa, kama inavyokuwa katikati ya masika, njia hii haifai kabisa. Siku hizo kinga maji ya mvua, na uyachemshe au uyatie dawa ya klorini. Wakazi wa nyanda za baridi kama Lushoto, Mbeya, Limuru au Kabale wasikate tamaa: kazi kubwa hufanywa na miale kuliko joto, na milimani miale haipungui. Hata kukiwa na ubaridi, jua likiwaka saa sita zinatosha.

Maji yangu ni ya tope. Nifanyeje?

Yatulize kwanza. Yaache kwenye ndoo iliyofunikwa usiku kucha, kisha mimina taratibu sehemu ya juu na uyapitishe kwenye khanga au shuka safi iliyokunjwa mara nne. Kitambaa kikuukuu ni bora kuliko kipya, maana nyuzi zake zimefumuka na matundu yamebanana. Nchini Bangladesh wanawake walichuja maji kwa sari kuukuu zilizokunjwa hivyo, na utafiti uliotangazwa mwaka 2003 ulikuta kipindupindu kimepungua kwa karibu nusu.

Tope likiwa sugu, tumia shabu kama ulivyoelekezwa na muuzaji au bwana afya, au mbegu za mlonge. Chukua mbegu zilizokauka, zimenye, zitwange, ukadirie mbegu moja hadi mbili kwa lita ya maji. Changanya unga huo na maji kidogo safi, chuja, mimina kwenye ndoo, koroga haraka kwa dakika mbili kisha polepole kwa dakika kumi, na uache itulie kwa muda usiopungua saa moja. Tope litashuka chini. Kumbuka mlonge hung'arisha tu, hauui vijidudu vyote, na mabaki yake ni chakula chao. Kwa hiyo chuja, jaza chupa na uziweke juani siku hiyohiyo.

Ndimu inaharakisha?

Swali hili huulizwa sana, na lina ukweli ndani yake. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani walitia maji ya ndimu kwenye chupa za juani wakakuta bakteria wa kinyesi wanakufa upesi zaidi. Maganda na maji ya ndimu yana viini ambavyo navyo huamshwa na mwanga. Lakini baadhi ya virusi, ambavyo ni vidogo kuliko bakteria, havikupungua kwa kiasi cha kuridhisha. Ukipenda ladha, kamulia ndimu. Saa sita zibaki palepale.

Inagharimu kiasi gani?

Tufanye hesabu ya nyumba ya watu sita, kila mmoja akinywa lita mbili kwa siku. Jumla ni lita 12, sawa na chupa nane za lita moja na nusu. Utahitaji seti mbili, moja iko juani na nyingine inanywewa, yaani chupa 16. Kwa msimu wa mawingu ongeza seti ya tatu, ziwe 24. Chupa hizi unaweza kuzipata bure baada ya harusi, mkutano au msiba, au kwa shilingi chache kutoka kwa wanaokusanya chupa mtaani. Gharama nyingine ni sabuni tu.

Sasa chukua kalamu, andika unatumia mkaa au gesi ya shilingi ngapi kwa wiki kuchemsha maji ya kunywa peke yake. Zidisha mara 52. Hicho ndicho kiasi ambacho jua linaweza kukuokolea sehemu yake kubwa kwa mwaka. Kwa anayetafuta kuni porini, jua huokoa pia saa za mama na binti.

Chupa hudumu miezi sita hadi mwaka mmoja. Ikifubaa au kujaa mikwaruzo, ibadilishe. Watu wengi huuliza kama plastiki ikipata joto haitoi sumu. Wanasayansi wa Uswisi walilichunguza jambo hilo katika maabara, kwa chupa za aina hiyo yenye namba 1, na walichokikuta majini kilikuwa kidogo sana, cha kiwango kisichotishia afya na kinacholingana na maji ya chupa za dukani. Aina nyingine za plastiki usizitumie.

Nitayahifadhije?

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Jua halibaki ndani ya maji. Dawa ya klorini huacha ulinzi kidogo, lakini mwanga, uwe na kichocheo au usiwe nacho, ukiondoka hauachi mlinzi. Ukiyamimina maji yaliyotibiwa kwenye mtungi unaochotwa kwa kata, umerudi ulikotoka. Yaache kwenye chupa ileile, mimina kwenye kikombe safi, na yanywewe ndani ya siku moja au mbili. Usinywe kwa kuweka mdomo chupani. Ili watoto wasichanganye, funga uzi mwekundu kwenye chupa ambazo bado, na uufungue zinapokuwa tayari.

Ni maji gani yasiyotibika kwa jua?

Jua huua vijidudu, haliondoi chumvi, madini wala sumu. Sehemu nyingi za Arusha, Kilimanjaro na Bonde la Ufa, maji yana madini ya floraidi yanayotia meno rangi ya kahawia na, yakizidi sana, hupinda mifupa ya watoto. Kiwango cha juu kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Hata ukianika mwaka mzima, floraidi itakuwa ileile. Kunahitajika chujio maalumu, kama la mkaa wa mifupa ya ng'ombe lililoendelezwa katika kituo cha Ngurdoto mkoani Arusha. Maji ya chumvi ya visima vya pwani nayo yatabaki na chumvi. Maji yanayotiririka kutoka mashamba yaliyopigiwa dawa, gereji au machimbo ya dhahabu yasinywewe kabisa. Tafuta chanzo kingine.

Vilevile kuna vijidudu vyenye ganda gumu vinavyostahimili jua kwa saa nyingi. Mtu mzima mwenye afya huvishinda mara nyingi, lakini mtoto mchanga, mgonjwa, au mtu mwenye kinga dhaifu ya mwili asibahatishe. Hao wachemshie maji mpaka yatokote sawasawa.

Kuna ushahidi kwamba njia hii inakinga kweli?

Upo, na sehemu yake imetoka kwa majirani zetu. Katika miaka ya 1990 watafiti walifanya kazi na jamii ya Wamaasai wa Kajiado, Kenya. Watoto wa kundi moja waliweka chupa zao juu ya paa, wa kundi jingine waliziweka ndani. Wa kundi la paa waliharisha kidogo zaidi. Kipindupindu kilipoingia eneo hilo, watafiti walirudi kuhesabu. Kati ya watoto 155 wa chini ya miaka sita waliokunywa maji ya juani, watatu ndio waliougua. Kati ya 144 wasioyatumia, waliugua 20. Huko Nakuru, utafiti uliotangazwa mwaka 2011 ulionyesha siku za kuhara damu kwa watoto wa chini ya miaka mitano zimepungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Upo pia ushahidi wa kutuonya. Nchini Bolivia, utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2009 haukuona nafuu ya kueleweka. Ulipoangaliwa kwa makini, ni karibu theluthi moja tu ya kaya zilizokuwa zikiweka chupa juani ipasavyo. Chupa iliyolala uvunguni haimkingi mtu. Njia hii ni ya kila siku, kama kufagia uwanja.

Nikiletewa kifaa chenye kichocheo, niulize nini?

Vifaa vya namna hiyo bado si bidhaa ya kawaida ya dukani kama ilivyo dawa ya klorini, lakini vitakuja. Uliza maswali haya kabla ya kutoa fedha. Je, kichocheo kimegandishwa, au ni unga wa kumimina? Kama ni wa kumimina, kataa. Je, kinatibu lita ngapi, kwa saa ngapi, na siku ya mawingu inakuwaje? Mpako unadumu muda gani, na ukichakaa nabadilisha wapi kwa bei gani? Kina alama ya shirika la viwango, yaani TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya? Na je, kimepimwa katika mpango wa Shirika la Afya Duniani unaopima vifaa vya kutibu maji ya nyumbani na kuvipa nyota kuanzia moja hadi tatu? Muuzaji mkweli atajibu bila kukasirika.

Nani anisaidie karibu nami?

Anza na mhudumu wa afya ngazi ya jamii au afisa afya wa kata. Ushauri wao haulipiwi. Ukitaka kujua kama kisima chenu kina floraidi au chumvi nyingi, nendeni kama kikundi kupitia serikali ya kijiji au ofisi ya wilaya ya RUWASA, yaani wakala wa maji vijijini wa Tanzania, mkaulize utaratibu na ada ya kupima sampuli katika maabara ya Wizara ya Maji. Mkichanga, kila kaya hutoa kidogo. Nchini Kenya mlango wa kuanzia ni afisa wa afya ya umma wa wadi yenu. Kukitangazwa kipindupindu, fuata maelekezo ya maafisa wa afya kwanza, hasa kuhusu klorini. Na mtu akianza kuharisha maji mfululizo, usingoje chupa zipate jua: mpe maji ya chumvichumvi yaliyochanganywa kwa maji salama na umkimbize kituo cha afya.

Ndugu msomaji, wataalamu wa vichocheo waache waendelee na kazi yao. Siku kifaa kizuri kitakapofika kwa bei ya mwananchi, utakuwa umekwisha kujua cha kukiuliza. Kwa leo, tafuta chupa mbili zenye namba 1 kitakoni, zioshe, uzitoe nembo, uzijaze na uzilaze juu ya bati saa tatu asubuhi. Saa tisa alasiri ziingize ndani. Kesho fanya hivyohivyo, na keshokutwa umfundishe jirani.